Altrasaundi imesema una mafuta kwenye ini: namna ya kusoma majibu na nini cha kufanya

Wengi huipata habari hii bila kuitafuta. Mtu ameenda kupigwa altrasaundi kwa maumivu ya tumbo, au kwa wasiwasi wa mawe kwenye kifuko cha nyongo, anatoka na karatasi ya Kiingereza ambayo chini kabisa ina mstari mmoja: "fatty liver, grade 2". Daktari ana foleni ndefu mlangoni, anamwambia apunguze mafuta, basi. Akifika nyumbani anaanza kuuliza watu, na haipiti wiki ameshaletewa mizizi ya kuchemsha, mchanganyiko wa limao na tangawizi, na chupa ya "kusafisha ini" iliyonunuliwa mtandaoni.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Kabla ya mengine yote, naomba ashike jambo moja: daraja la mafuta lililoandikwa kwenye karatasi si swali kuu. Swali kuu ni kama ini limeanza kuweka makovu. Mafuta yanaweza kuondoka ndani ya miezi. Makovu huchukua muda mrefu zaidi, na yakishakomaa hayaondoki kirahisi. Altrasaundi ya kawaida mara nyingi haina jibu la swali hilo, ila vipimo viwili vya damu vya bei nafuu vinaweza kukupa mwanzo wa jibu. Tutafika huko kwenye hatua ya 3.

Hatua ya 1: Soma karatasi yote, si mstari wa mwisho peke yake

Ini lenye afya lina mafuta kidogo sana. Yakizidi asilimia 5 ndipo madaktari wanasema ini lina mafuta. Altrasaundi haipimi asilimia hiyo. Inatuma mawimbi ya sauti na kuchora yanavyorudi, na kwa kuwa ini lenye mafuta huyarudisha kwa wingi, kwenye skrini linaonekana jeupe kuliko kawaida. Mpimaji hulilinganisha na figo ya kulia iliyo jirani yake. Ini likiwa jeupe waziwazi kuliko figo, anaandika "increased echogenicity". Hapo ndipo neno la mafuta linapotoka.

Daraja la 1 maana yake ini limeng'aa kidogo na mishipa ya ndani bado inaonekana vizuri. Daraja la 2, kuta za mishipa hiyo zimeanza kufifia. Daraja la 3, mawimbi hayafiki vizuri upande wa nyuma, hata kiwambo cha kupumulia hakionekani sawasawa. Haya yote yanategemea jicho la mpimaji, ubora wa mashine na unene wa tumbo lako. Kwa hiyo ukipata daraja la 1 hospitali moja na daraja la 2 nyingine mwezi mmoja baadaye, usikimbilie kuamini kwamba ugonjwa umepanda. Na mafuta yakiwa machache, tuseme chini ya asilimia 20, altrasaundi inaweza isiyaone kabisa.

Sasa rudi juu kwenye maelezo marefu ambayo watu huyaruka. Huko ndiko kuna mambo mazito zaidi ya daraja. Tafuta kama wameandika kwamba ini lina vinundu au si laini, kwa kawaida kwa maneno "nodular", "irregular" au "coarse". Angalia urefu wa bandama: ikizidi sentimita 12 au 13 kwa mtu mzima, daktari anatakiwa kujua kwa nini, ingawa kwetu malaria za mara kwa mara nazo huikuza. Angalia mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini, "portal vein": ukizidi milimita 13, huenda shinikizo limepanda. Angalia kama kuna "ascites", yaani maji tumboni. Ukiona lolote kati ya haya, usingoje kumaliza mwongozo huu. Rudi kwa daktari na karatasi hiyo mkononi.

Kuna maneno mengine yanayotisha bure. "Focal fatty sparing" ni kipande cha ini ambacho mafuta hayajakifikia, na kwa sababu hakikung'aa kama jirani zake kinaonekana kama doa. Hicho si uvimbe. Lakini wakiandika "lesion" au "mass", hapo kipimo kingine kinahitajika, na kisicheleweshwe.

Neno kwa waliokulia kando ya Ziwa Victoria: ukiona "periportal fibrosis", hayo ni makovu yanayofuata mishipa ya ini, na mara nyingi chanzo chake ni kichocho cha tumbo, si mafuta. Mwambie daktari ulipokulia na kama ulikuwa unaoga au kuvua ziwani. Daktari wa mjini asipoambiwa anaweza asifikirie hilo.

Hatua ya 2: Hakikisha hakuna mwizi mwingine ndani ya nyumba

Kuwa na mafuta kwenye ini hakukukingi na magonjwa mengine ya ini, na huku kwetu la kwanza kulitazama ni homa ya ini aina B. Omba kipimo cha HBsAg, pamoja na kile cha homa ya ini aina C. Kama huna aina B na hujawahi kuchanjwa, uliza chanjo. Ini lenye mafuta na kirusi kwa pamoja huweza kuumia haraka kuliko lenye kimoja.

Pombe ihesabiwe kwa ukweli. Bia moja ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe safi. Madaktari hutumia mpaka wa gramu 140 kwa wiki kwa mwanamke na 210 kwa mwanamume. Ukivuka hapo, pombe yenyewe inahesabiwa kuwa sehemu ya chanzo. Kwa hesabu hiyo ni bia 7 kwa mama na 10 na ushee kwa baba, kwa wiki nzima. Gongo na pombe nyingine za kienyeji hazina lebo, hivyo huwezi kujua umekunywa gramu ngapi. Mpaka huo si ruhusa: ukishaambiwa una makovu, acha pombe kabisa.

Kisha andika dawa zote unazotumia. Prednisolone ya muda mrefu, tamoxifen, methotrexate, amiodarone na valproate zinajulikana kuongeza mafuta au kuumiza ini. Kwa wanaotumia ARV: baadhi ya dawa za zamani zililijaza ini mafuta, na baadhi ya mpya huongeza uzito. Usiache hata kidonge kimoja kwa sababu hiyo. Uliza kliniki yako, wao ndio wabadilishe kama kuna haja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya makovu

Hii ndiyo hatua ninayotamani kila mtu mwenye karatasi ya "fatty liver" aifanye. Unahitaji namba nne: umri wako, AST na ALT, yaani vimeng'enya viwili vya ini, kutoka kipimo cha utendaji wa ini, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ambazo kwenye majibu ya picha kamili ya damu huandikwa PLT. Hesabu yenyewe inaitwa FIB-4.

Zidisha umri kwa AST, uandike jibu pembeni. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT (kwenye simu nyingi, laza simu ukiwa kwenye kikokotoo utaiona alama ya √), kisha ukizidishe kwa PLT. Mwisho gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Tuchukue mama wa miaka 48, altrasaundi imesema daraja la 3, na nyumba nzima ina hofu. AST yake ni 40, ALT 49, PLT 240. Mara 48 kwa 40 ni 1,920. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, mara 240 ni 1,680. Gawanya: 1.14. Halafu chukua baba wa miaka 58 aliyeambiwa ana daraja la 1 "tu", akaenda zake. AST 62, ALT 64, PLT 160. Mara 58 kwa 62 ni 3,596. Kipeuo cha 64 ni 8, mara 160 ni 1,280. Gawanya: 2.81.

Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Kati ya 1.3 na 2.67, haijulikani, unahitaji kipimo kingine. Juu ya 2.67, unahitaji daktari bingwa wa ini au wa mfumo wa chakula. Kwa hiyo mwenye kuhitaji kuharakishwa ni yule baba wa daraja la 1. Ukiwa na zaidi ya miaka 65, mpaka wa chini ni 2.0 badala ya 1.3, kwa sababu umri peke yake hupandisha jibu. Chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki sana.

Tahadhari moja ambayo miongozo ya Ulaya haiisisitizi: malaria hushusha chembe sahani na inaweza kupandisha AST. Ukipiga hesabu kwa damu iliyotolewa ukiwa na malaria au homa nyingine kali, utapata namba ya kutisha isiyo ya kweli. Subiri upone kabisa, upime tena.

Na usidanganyike na ALT ya kawaida. Watu wengi wenye mafuta kwenye ini wana ALT iliyo ndani ya kiwango cha maabara, na wengine wao wana makovu tayari.

Hatua ya 4: Ukiambiwa upimwe ugumu wa ini

Ini lenye makovu ni gumu. Kipimo kinachojulikana zaidi ni FibroScan, mashine ya Kifaransa inayogonga kwa upole kati ya mbavu za kulia na kupima kasi ya wimbi linalopita ndani ya ini. Haiumi, haina mionzi, ni dakika chache. Haipatikani kila mahali, ndiyo maana hesabu ya hatua ya 3 ina thamani: inakuambia kama safari na gharama zinahitajika.

Kaa bila kula angalau saa tatu kabla. Chakula huongeza damu kwenye ini na kupandisha namba. Namba hupanda pia kama moyo umeshindwa kusukuma damu vizuri, kama njia ya nyongo imeziba, au kama ini limevimba ghafla.

Majibu yana namba mbili. Ya kwanza ni ugumu, kwa kPa. Chini ya 8, makovu makubwa hayatarajiwi. Kati ya 8 na 12, daktari bingwa aangalie. Zaidi ya 12, makovu makubwa yanawezekana sana, na kuanzia 15 kwenda juu sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa, inashukiwa kwa nguvu. Ya pili ni CAP, kipimo cha mafuta, kwa dB/m, kati ya 100 na 400. Kuanzia 275 hivi mafuta yapo kwa uhakika mkubwa. Watu wengi huikodolea macho hii ya pili kwa sababu ndiyo kubwa. Anza na ya kwanza.

Hakikisha pia vipimo halali vilikuwa 10 au zaidi, na kama ugumu wako umezidi kiwango cha kawaida, namba iliyoandikwa IQR/med isivuke asilimia 30. Ikivuka, kipimo hakijatulia, omba kirudiwe.

Hatua ya 5: Pima jirani za ini

Mwaka 2023 vyama vya madaktari wa ini duniani viliubadilisha jina ugonjwa huu, sasa unaitwa MASLD, ili jina lenyewe lionyeshe uhusiano wake na sukari, presha na uzito. Uhusiano huo si wa maneno. Wagonjwa wa mafuta kwenye ini hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa kuliko kwa ini lenyewe.

Kwa hiyo pima sukari ukiwa hujala (kuanzia 5.6 mmol/L ni onyo), presha (kuanzia 130/85), trigliseridi, yaani mafuta yaliyo kwenye damu (kuanzia 1.7 mmol/L), na mzunguko wa kiuno: sentimita 94 kwa wanaume, 80 kwa wanawake. Hata mwembamba apime. Wapo watu wasio wanene wenye ini lililojaa mafuta, na wao hucheleweshwa kwa sababu hakuna anayewashuku.

Hatua ya 6: Chakula, na kwa nini "punguza mafuta" haitoshi

Mafuta mengi yaliyo ndani ya ini hayakutoka moja kwa moja kwenye sahani. Sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta ya mwili, hasa ya tumboni, na sehemu nyingine ini huitengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi. Ndiyo maana mtu anaacha nyama na kukaanga, anaendelea na soda na juisi, na baada ya mwaka altrasaundi iko vilevile.

Anza na vinywaji. Soda ya mililita 500 ina gramu 50 hivi za sukari, sawa na vijiko 12 vya chai. Juisi ya miwa na juisi ya embe ya dukani haziko mbali. Halafu chai: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, hiyo ni vijiko tisa ambavyo hakuna anayevihesabu. Punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ufike sifuri. Ulimi huzoea ndani ya mwezi. Tunda ulile zima, usilikamue. Kahawa isiyo na sukari ni rafiki: tafiti nyingi zimeona wanywaji wa vikombe vitatu au zaidi kwa siku wana makovu machache. Kahawa chungu ya mtaani inafaa, ila kashata ibaki kwa muuzaji. Mjamzito, au mwenye presha isiyotulia, aulize kwanza.

Kisha sahani. Nusu iwe mchicha, matembele, kisamvu kisichojaa nazi, bamia, kabichi. Robo iwe maharage, kunde, choroko, dagaa, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au chapati. Najua hili ni gumu kwenye nyumba ambayo ugali ni mlima na mboga ni kando, na sidhani mtu mmoja anaweza kula hivyo huku wengine wakimwangalia. Ongea na anayepika. Dona badala ya sembe, chukuchuku badala ya kukaanga, na chakula cha usiku kiwe kidogo na mapema, badala ya ule mlo mkubwa wa saa nne usiku unaofuatwa na usingizi.

Wanaofunga Ramadhani wana nafasi nzuri, mradi futari isiharibu kazi ya mchana: mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na jagi la juisi kwa mara moja ni mzigo mkubwa kwa ini. Anza na tende mbili na maji. Mwenye kisukari anayetumia dawa apange na daktari kabla ya kufunga.

Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe kabisa, hata zikioshwa au kukaangwa. Sumukuvu huumiza ini na huongeza hatari ya saratani yake, zaidi sana kwa mwenye homa ya ini B. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Uzito ndio dawa yenye ushahidi mkubwa kuliko zote. Ukipunguza asilimia 5, mafuta hupungua. Asilimia 7 hadi 10, kuvimba kwa ini kunakoletwa na mafuta hutulia. Zaidi ya asilimia 10, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 86 hizo ni kilo 4.3, kilo 6, na kilo 8.6. Nenda kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kukonda kwa kasi kwa kukaa na njaa huweza kuliumiza ini zaidi na kuleta mawe ya nyongo.

Hatua ya 7: Tembea

Dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya upumue kwa nguvu lakini bado uweze kuongea. Kushuka daladala vituo viwili kabla ya nyumbani, kwenda na kurudi, siku tano, kunakaribia kutosha. Mazoezi hupunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea, kwa hiyo usikate tamaa ukiona kilo zimegoma.

Hatua ya 8: Dawa, za kweli na za kuuziwa

Hakuna kinywaji kinachosafisha ini. Baadhi ya mizizi na vidonge vya mitishamba vimewahi kuleta umanjano wa macho na ngozi na hata kufeli kwa ini, na chupa isiyo na orodha ya vilivyomo humnyima daktari nafasi ya kukuokoa. Kama umeshakunywa, mwambie jina lake bila aibu.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha resmetirom Machi 2024, na semaglutide Agosti 2025, zote kwa wenye ini lililovimba kwa sababu ya mafuta na lenye makovu ya kati hadi makubwa ambao hawajafika sirosisi, na zitumike pamoja na chakula na mazoezi. Mwenye daraja la 1 na FIB-4 ya 1.0 hazimhusu. Metformin ni nzuri kwa kisukari lakini haitibu ini. Dawa za kolesteroli za kundi la statini ni salama kwa wengi wenye mafuta kwenye ini. Usiziache kwa uvumi.

Hatua ya 9: Lini urudi

FIB-4 chini ya 1.3: rudia kila mwaka hadi miaka mitatu, na kama una kisukari usipitishe miaka miwili. Altrasaundi ya kila mwezi ni kupoteza pesa. Tumia pesa hiyo kwa picha ya damu na vimeng'enya vya ini. Aliyefika sirosisi anahitaji altrasaundi kila miezi sita kutafuta saratani mapema, hata akijisikia mzima.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona macho ya manjano, tumbo linajaa, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au ndugu zako wanasema unachanganyikiwa au unalala mchana na kukesha usiku. Nenda na karatasi zako zote, za zamani na za sasa, na orodha ya kila dawa uliyomeza.